Mshale Ulioanzia Kwenye Sinki

Nina stashahada ya uchoraji wa ramani za majengo, daraja la kwanza, na niliipata bila kuwa na mjomba wizarani. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia nilikaa Birmingham miaka saba, swali lao la kwanza huwa kama nilikuwa naogesha wazee. Sikuogesha wazee. Nilisafisha nyumba, tena nyumba moja tu, na naijua kuliko tajiri aliyeijenga, kwa sababu yeye hakuwahi kuishika chini ya meza.

Tajiri huyo alikuwa na kiwanda cha vifungo vya nguo, enzi za Malkia Victoria. Alipopata fedha za kutosha alihamia shamba, kaskazini ya mji, ili kukimbia moshi. Sehemu ya moshi huo ilikuwa yake. Akajenga nyumba ya matofali mekundu yenye paa la vigae vya mawe meusi, mabomba ya moshi kumi na mawili, na bustani ya kioo upande wa jua. Kisha mji ukamfuata. Nilipofika mimi, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, shamba lilikuwa limekwisha zamani. Ukishuka treni Erdington ulitembea dakika ishirini, ukapita nyumba za mistari na duka la matairi, halafu ghafla lango la chuma na miti mikubwa, na nyumba imekaa nyuma yake kama mgeni aliyewahi kuliko wote na hajaambiwa shughuli imeisha.

Watu walisema imetunzwa vizuri mno. Ni kweli, lakini sababu yake haikuwa ile waliyoidhania. Mjukuu wa mwisho wa yule tajiri aliishi humo maisha yake yote bila kubadilisha hata kitasa, na si kwa kupenda historia. Hakupenda mafundi. Alipofariki, nyumba ikaachiwa kamati, na kamati ikakuta kila kitu kipo: karatasi za ukutani zilizochapwa kwa mkono, ua la plasta katikati ya dari, kengele za kuwaitia watumishi, jiko la chuma lenye ukubwa wa gari dogo. Ikatungwa kauli kwamba ndani ya nyumba hii hakuna kilichobadilika, na kauli hiyo ikaandikwa kwenye kila karatasi tuliyowapa wageni.

Nilipoenda kuomba kazi nilibeba cheti changu ndani ya plastiki. Msimamizi wa nyumba, mama wa Kiingereza mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, alikipokea kwa mikono miwili. Alisoma upande wa mbele, akakigeuza akasoma upande wa nyuma, ambao hauna maandishi. Akasema ni cheti kizuri sana. Kisha akanipa kazi ya usafi, siku nne kwa wiki, mimi na mama mmoja wa Kikongo kutoka Bukavu aliyekuwa akiishi Newtown na aliyeanza kazi mwaka mmoja kabla yangu. Siku ile ile mama huyo alianza kuniita architecte, kwa Kifaransa msanifu majengo, na hakuwahi kuniita kwa jina lingine hadi naondoka.

Nyumbani Tanga niliandika kwamba nafanya kazi katika jengo la kihistoria. Sikusema uongo. Baba yangu, ambaye alikuwa amenisomesha kwa mbao alizopasua kwa mikono yake, aliwatangazia watu msikitini kwamba binti yake anawachorea Waingereza majumba. Sikumsahihisha. Kadi za simu zilikuwa na dakika chache, na maelezo ya namna hiyo yanahitaji dakika nyingi. Nilichoamua ni rahisi zaidi: sitarudi nyumbani mpaka maneno ya baba yawe kweli, au angalau yawe jirani na kweli. Katika nyumba ile palikuwa na njia moja tu ya kufika huko, nayo ilikuwa beji ya mwongozaji. Waongozaji walikuwa wastaafu wa Kiingereza waliojitolea, lakini kamati ilikuwa imesema kiangazi cha mwaka wangu wa pili itaajiri mmoja wa kudumu, atakayewatembeza wageni na kutunza kumbukumbu za jengo. Kumbukumbu za jengo ni ramani. Niliomba siku ileile tangazo lilipobandikwa.

Sifa nilikuwa nazo kuliko waombaji wote, na naeleza kwa nini. Wale wastaafu waliijua nyumba kwa hadithi. Walijua nani aliketi wapi na nani alikataa kuolewa na nani. Mimi niliijua kwa kipimo. Wakati wa chakula cha mchana nilikuwa natoa utepe wangu wa kupimia na kupima chumba kimoja, na kufikia mwaka wa pili nilikuwa na ramani kamili ya nyumba nzima, imechorwa nyuma ya karatasi za ratiba ya usafi. Hivyo nikagundua jambo ambalo hadithi haziwezi kukwambia. Zile zilikuwa nyumba mbili zilizogeuziana mgongo.

Nyumba ya mbele ndiyo ya wageni. Matofali yake ni laini, yamepangwa kichwa na ubavu, kichwa na ubavu, na chokaa kati yake ni nyembamba kama uzi. Dari ziko juu. Madirisha ni ya kupandisha na kushusha, na vyuma vizito vinavyoyasawazisha vimefichwa ndani ya fremu, kiasi kwamba unainua dirisha kubwa kwa kidole. Ngazi ni ya mti mwekundu na inapinda taratibu, ili mtu anayeshuka aonekane vizuri. Ukizunguka nyuma, matofali ni ya bei nyingine, mistari mitatu ya ubavu kwa mmoja wa kichwa, kwa sababu mpangilio huo unakula matofali machache ya gharama. Dari zinashuka. Ngazi ya watumishi ni nyembamba na imesimama wima kama ya minara. Kati ya nyumba hizi mbili upo mlango mmoja uliogongomewa kitambaa kizito cha kijani ili sauti na harufu za nyuma zisifike mbele. Mwenye kuchora mlango ule alijua kazi yake.

Mwisho kabisa wa nyuma kulikuwa na chumba cha kuoshea vyombo. Hicho ndicho chumba nilichokipenda. Sakafu yake ni ya mawe, na ukiitazama haraka utadhani ni bapa. Haiko bapa. Ina mteremko mdogo kutoka pande zote kwenda kwenye tundu moja lenye kimia cha chuma, chini ya sinki la mawe pana kama kitanda cha mtoto. Sakafu ya namna hiyo inasema kitu kimoja tu: nimwagie maji. Wasafishaji waliotangulia walikuwa wanaifuta kwa kitambaa chenye unyevu, kama mtu anayempangusa mgonjwa. Mimi niliipiga deki kama inavyopigwa deki nyumbani. Ndoo ya kwanza, fagio, ndoo ya pili, fagio, ndoo ya tatu ya kusuuza, maji yote yanasukumwa kwenye tundu. Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Msimamizi alipita siku moja, akasema hajawahi kuyaona mawe yale yakiwa na rangi ile. Nikamwambia ndiyo rangi yake.

Sasa, nyumba hiyo ilikuwa na ugonjwa mmoja. Katika chumba cha kulia cha mbele, kwenye ukuta unaopakana na ujia wa watumishi, kulikuwa na doa la unyevu. Lilianza dogo karibu na sakafu, na kufikia mwaka wangu wa pili lilikuwa limepanda hadi usawa wa kiuno na kuanza kula karatasi za ukutani, zile zilizochapwa kwa mkono, zenye ndege na makomamanga. Kamati ilikuwa hailali. Mtaalamu wa kwanza alisema ni mifereji ya mvua ya paa. Ikatengenezwa, doa likaendelea. Mtaalamu wa pili alisema ni pumzi za wageni. Idadi ya wageni kwa kila mzunguko ikapunguzwa, doa likaendelea. Mwishowe likawekewa mbele yake kiambaza cha kukunjwa, chenye picha za ndege korongo, na waongozaji wakaelekezwa wawaonyeshe wageni dari.

Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba unyevu unaopanda kutoka chini ni wa bomba la chini. Nilikuwa nimefunua mfuniko wa chemba bustanini, mama wa Kikongo akinishikia mwavuli, na nilikuwa nimeona bomba la udongo linatoka wapi. Linatoka chumba cha kuoshea vyombo, linapita chini ya ujia, linasugua msingi wa chumba cha kulia, ndipo linafika chemba. Lilikuwa na umri wa nyumba. Nilimweleza msimamizi nikiwa nimeshika ramani. Alinishukuru, akaniomba nikumbuke kutumia ile nta mpya kwenye ngazi.

Kile ambacho sikukiuliza, mimi mwenye daraja la kwanza, ni maji gani yalikuwa yanapita ndani ya bomba lile. Nilidhani ni ya mvua. Doa lilikuwa limeanza miezi mitatu baada ya mimi kuajiriwa. Nilikuwa naujua mwezi huo na sikuufanyia kazi. Mtu anayepiga deki vizuri hajioni kuwa chanzo cha uchafu.

Kiangazi kikafika, na msimamizi akaniita. Kamati ilitaka watu wa mitaa mingine ya mji waione nyumba, si wale wale wa siku zote. Akaniuliza kama naweza kuleta watu wangu siku ya Jumamosi na kuwatembeza kwa lugha yao. Mwenyekiti wa kamati, daktari mstaafu, angefuatana nasi. Nikauliza atahukumuje wakati Kiswahili hakijui. Akasema atatazama nyuso za wageni. Mambo yakienda vizuri, alisema, nitakuwa nimejirahisishia sana ile nafasi.

Watu wangu niliwapata kupitia mwenye nyumba wangu. Nilikuwa nimepanga chumba Sparkhill, nyuma ya Stratford Road, kwa mama mmoja Msomali aliyekulia Mombasa, aliyekuwa anauza vitambaa na aliyekuwa anajua kila mwanamke wa mtaa ule na deni la heshima analodaiwa. Yeye alileta kumi na sita, naye akiwemo. Mama wa Kikongo akaleta watatu wa kanisani kwake. Nilikuwa nimeandika maelezo kurasa nne, kuanzia mlango mkuu, ukumbi wenye vigae vya rangi, chumba cha wageni, chumba cha kulia, maktaba, ngazi kuu. Niliyakariri kwenye basi.

Wakaja wote kwa pamoja, na baibui zao, na mifuko ya sambusa ingawa niliwaambia hairuhusiwi. Kwenye mlango mkuu, juu ya zile ngazi za mawe, kamati ilikuwa imejipanga kuwapokea: wanaume wanne wa makamo wenye tai, na msimamizi, mikono imenyooshwa tayari kushikwa. Mwenye nyumba wangu alisimama kwenye kokoto, akawatazama.

"Hawa wanaume wamejipanga hapo wanangoja nini?"

Nikamwambia wanangoja kutupa mkono, ni heshima.

"Mlango wa mbele ni wa mtu wa posta, mwanangu," akasema. "Jikoni ni wapi?"

Akakata kushoto, akaufuata ukuta, na wanawake kumi na wanane wakamfuata. Niliwapita wale wanaume wanne wakiwa bado wameshika hewa. Nikamwambia mwenyekiti kwamba kwetu mgeni wa kike hupitia uani, na kwamba hili limo katika mpango. Halikuwemo. Lakini nilipoyageuza maelezo yangu na kuyaanzia ukurasa wa nne, yalikuwa bora zaidi, na nasema hivyo bila kujisifu, kwa kuwa aliyesema ni mwenyekiti mwenyewe.

Niliwaanzisha kwenye matofali ya bei rahisi. Niliwaonyesha ile mistari mitatu kwa mmoja, nikawaambia wakumbuke, kwa sababu mbele wataona mengine. Wakaguswa. Wanawake waliokwisha kushonesha nguo wanajua kitambaa cha mbele na bitana. Kwenye ubao wa kengele walisimama muda mrefu. Kila kengele ilikuwa na jina la chumba chini yake, na wale watatu wa kanisani wakaanza kuzigawana, nani angeitwa na chumba kipi na angejibu nini. Mama wa Kikongo, aliyekuwa amevaa kitenge cha sherehe na kukataa kufanya kazi siku hiyo, alisema yeye angekuwa kiziwi. Mwenyekiti aliziangalia nyuso, akaandika kitu kwenye kijitabu.

Ikafika adhuhuri. Mwenye nyumba wangu akauliza qibla. Hapo ndipo ramani yangu ilipofanya kazi ambayo hakuna mwongozaji mwingine angeweza kuifanya, maana ilikuwa na mshale wa kaskazini. Nikaihesabu kusini-mashariki, nikawaonyesha kona ya chumba cha kufulia, kwa hesabu ya nyuzi za dira. Wakachukua udhu kwenye sinki langu la mawe, mmoja baada ya mwingine, nami nikiwemo. Wale watatu wa kanisani walikaa kwenye benchi la jikoni na mifuko ya sambusa, wakalinda.

Tuliposwali na kurudi, sakafu ya chumba cha kuoshea ilikuwa madimbwi. Mwenye nyumba wangu alikunja mikono.

"Hatuachi nyumba ya watu hivi. Ndoo iko wapi?"

Nikampa. Sitadanganya, nilijivuna. Walipiga deki wanawake sita kwa zamu, ndoo tano, na maji yalielekea kwenye tundu kama yaliyoitwa. Nikawaeleza mteremko ule. Nikawaambia aliyeichora sakafu hii amekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, na leo ndiyo wateja wake wamefika.

Tukavuka ule mlango wa kijani, tukaingia mbele. Waliona dari inaruka juu, na mmoja akasema Mwenyezi Mungu amewatofautisha waja wake, mwingine akamwambia si Mwenyezi Mungu, ni mchoraji. Katika chumba cha kulia meza ilikuwa imeandaliwa chai. Mwenyekiti akasimama kutoa hotuba, nami pembeni nikitafsiri. Alieleza habari za tajiri wa vifungo. Alieleza habari za mjukuu. Akafikia pale wanapofikia wote, kwamba ndani ya nyumba hii hakuna kilichobadilika, nami nilikuwa katikati ya kuitafsiri sentensi hiyo nilipoona maji.

Yalitoka chini ya kiambaza cha korongo, kwenye ule ubao wa chini ya ukuta, kimya kimya, mstari mmoja mwembamba unaofuata maungio ya mbao za sakafu. Yalipita mguu wa meza, yakafika kwenye kiatu cha mwenyekiti. Watu wote wa kamati walitazama juu. Nje jua lilikuwa kali.

"Architecte," mama wa Kikongo akaniambia kwa sauti ya kawaida, "ukuta yako iko inakojoa."

Nilitazama saa. Tangu ndoo ya tano zilikuwa zimepita dakika ishirini na kitu. Nilikuwa na urefu wa lile bomba kichwani, na mteremko wake, na sikuhitaji karatasi. Mimi nilikuwa sahihi kuhusu bomba kwa miaka miwili mizima. Na kwa miaka miwili mizima, Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, yule aliyekuwa analilisha alikuwa mimi.

Msimamizi alikuwa tayari amepiga magoti na taulo. Aliniuliza kwa sauti ya chini maji yanatoka wapi. Nikamwambia yanatoka kwenye sinki la nyuma. Akauliza ni nani aliyetumia sinki. Wanawake kumi na tisa walikuwa nyuma yangu, wengi wao mikono bado ina unyevu. Nikasema nitaandika ripoti.

Mwenyekiti alikuwa muungwana mpaka mwisho. Aliwashukuru wageni, akawaomba wasijisikie vibaya. Akaniambia mimi, nikiwa nawasindikiza, kwamba ziara ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuziona, na kwamba safari nyingine labda ingefaa wageni wa namna hii wasitumie maji. Alilisema kwa upole kabisa.

Jumapili asubuhi mwenye nyumba wangu alikuwa hajaigusa chai yake. Alikuwa amewapigia simu wenzake wote kuwaambia wameharibu nyumba ya watu, na hakuna tena wa kuwaalika popote. Alisema amevunja ukuta wa Malkia kwa udhu. Nikamweleza ramani, nikamweleza bomba, nikamweleza ndoo zangu tatu kwa siku nne kwa miaka miwili. Alipiga hesabu zake polepole.

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi na bomba. Bomba ndilo lililovunjika."

"Basi andika bomba," akasema. "Bomba halina baba Tanga."

Yalikuwa maneno ya akili, na niliyafikiria siku nzima. Nilikaa chini na karatasi kubwa, kalamu tatu na rula. Nilichora nyumba ikiwa imekatwa kwa upande, kama unavyokata mkate: chumba cha kuoshea, ujia, msingi, chumba cha kulia, chemba. Nikalichora bomba na pale linapopasuka, maana kwa dakika zile ishirini niliweza kukisia mahali penyewe. Kisha nikafikia mishale ya maji. Mchoro wa maji hauna maana bila mishale, na mshale lazima uanzie mahali. Nilijaribu kuuanzia kwenye bomba. Mwalimu wangu wa mwaka wa kwanza angenirudishia karatasi ile. Bomba halitengenezi maji. Nikaufuta, nikauanzia kwenye sinki, na kando yake nikaandika maneno ambayo mchoro ulikuwa unayadai: ndoo tatu, mara nne kwa wiki, tangu nilipoajiriwa. Halafu nikaandika kwamba udhu wa Jumamosi na ndoo tano za siku hiyo havikuleta tatizo, ila vimelionyesha, na kwamba wataalamu wawili waliotangulia walishindwa kufanya jaribio hilo. Nikaweka sahihi yangu na chini yake stashahada.

Jumatatu nikaikabidhi. Msimamizi aliitazama muda mrefu, miwani ikiwa imepanda puani. Safari hii hakugeuza upande wa nyuma.

"Unajua kwamba hapa umeandika ni wewe," akasema.

"Nimeandika chanzo cha maji."

"Ungeweza kuniambia hujui."

"Ningeweza," nikasema, "lakini mchoro ungekuwa na makosa."

Aliomba nimwachie. Kamati ilikaa siku ya Alhamisi bila mimi, na mimi siku hiyo nilisafisha bustani ya kioo kwa kitambaa chenye unyevu, kama mtu anayempangusa mgonjwa. Mama wa Kikongo alinifuata kila chumba na taarifa zisizo na chanzo: mara nafukuzwa, mara nalipishwa makomamanga, mara napelekwa kwa Malkia. Saa tisa wakaniita.

Walikuwa wamewaita mafundi wachimbe chini ya ujia pale nilipoweka alama. Bomba lilikuwa limepasuka hatua moja tu kutoka hapo. Hatua hiyo moja naihesabu kama kosa la mafundi. Mwenyekiti alisema kamati imejadili mambo mawili. La kwanza ni kwamba mhudumu wa usafi amesababisha hasara kubwa kwenye karatasi za ukutani zisizo na mfano. La pili ni kwamba hakuna katika waombaji wote anayeijua nyumba kama aliyechora mchoro huu. Walikuwa wamekaa saa mbili wakijaribu kuwatenganisha watu hao wawili, na wameshindwa. Kwa hiyo waliniajiri kuwa mwongozaji wa nyuma ya nyumba: jiko, chumba cha kuoshea, kufulia, ujia wa kengele, ngazi ya watumishi, na kumbukumbu zote za ramani. Mbele ingebaki kwa wastaafu. Na nilikatazwa kwa maandishi kushika ndoo.

Mchoro wangu wakautia kwenye fremu na kuutundika juu ya sinki. Kibao cha chini kiliandikwa: umechorwa na mhudumu wa usafi. Nilikwenda kwa msimamizi nikiwa na cheti changu ndani ya plastiki, na kibao kikabadilishwa kabla ya saa sita.

Niliifanya kazi ile miaka minne. Bomba jipya lilipitisha maji vizuri, na mwenye nyumba wangu alileta kundi kila kiangazi kupitia mlango wa jikoni, na udhu ukawa sehemu rasmi ya ziara. Mpaka naondoka, wageni wengi walikuwa wanaomba kuanzia nyuma. Wastaafu hawakulipenda jambo hilo. Yale makomamanga yaliyoharibika hayakurudi, na korongo wako palepale.

Baba alipokuja kunipokea uwanja wa ndege aliniuliza kama ni kweli niliwachorea Waingereza. Nikampa picha ya ule mchoro ukiwa ukutani. Aliutazama kwa makini, kidole kikifuata mishale kinyumenyume, kutoka chemba hadi ujia hadi sinki, kama anavyofuata nyuzi za ubao kabla ya kupasua. Kidole kikasimama mwanzo wa mshale.

"Na hapa alikuwa nani?" akauliza.

Nikamwambia. Alicheka mpaka dereva wa teksi akageuka.

Nyumba yangu ya Tanga nimeichora mwenyewe. Jikoni sakafu ina mteremko kutoka pande zote kwenda kwenye tundu moja. Kabla fundi hajaweka vigae nilimwambia amwage ndoo thelathini, nami nikasimama kwenye chemba nikihesabu. Alipofika ya ishirini aliniuliza kama dada anajenga nyumba au birika. Nikamwambia amwage.